Aina za kamera za dijitali: DSLR, isiyo na kioo, kompakti na briji zinatofautiana wapi hasa?

Kurunzi (mwanzisha mada)

Habari za humu wakuu. Nataka kutoka kwenye kamera ya simu niingie kwenye kamera yenyewe. Kila nikifungua maelezo ya bidhaa nakutana na majina: DSLR, isiyo na kioo, kompakti, briji, fremu kamili, APS-C. Mengine naona yanaeleza umbo, mengine kitu kilichomo ndani, na sijui yanahusianaje.

Kinachonichanganya zaidi ni hiki. Kuna briji yenye zumu ya mara 125 na megapikseli 16. Kuna DSLR ya megapikseli 24 inayokuja na lenzi ya 18-55 mm, yaani zumu ya mara 3 tu. Ukitazama namba unaona ile ya kwanza ndiyo yenye uwezo, lakini wapigapicha wanachukua ya pili. Kwa nini?

La mwisho: nasikia DSLR zimepitwa na wakati. Iliyotumika bado inafaa kununuliwa?

Kazi nitakazofanya ni sherehe za usiku ndani ya ukumbi, ndege na wanyama kwa mbali, na video fupifupi. Naomba majibu yenye sababu, si jina la modeli peke yake.

---

NusuStopu

Mkuu, majina hayo hayako kwenye foleni moja. Yanajibu maswali matatu tofauti, na kila kamera duniani unaweza kuiuliza yote matatu: kihisi chake (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuugeuza picha) kina ukubwa gani? Lenzi inatoka au haitoki? Na kabla hujabonyeza, unaiona picha kwa kupitia wapi?

"Fremu kamili" na "APS-C" ni majibu ya swali la kwanza. "Kompakti" na "briji" ni majibu ya swali la pili: zote mbili lenzi yake haitoki, ila kompakti ni ndogo ya mfukoni na briji ni kubwa yenye zumu ndefu. "DSLR" na "isiyo na kioo" ni kamera za lenzi inayotoka, zinazotofautiana kwenye swali la tatu. Ndiyo maana unaweza kukuta DSLR ya fremu kamili na DSLR ya APS-C, na isiyo na kioo vilevile.

Anza na kihisi, maana ndicho kinachoamua sehemu kubwa ya ubora. Vipimo vya kawaida ni hivi:

Fremu kamili: 36 × 24 mm, eneo 864 mm²
APS-C ya Nikon, Sony na Fujifilm: karibu 23.5 × 15.6 mm, eneo kama 366 mm²
APS-C ya Canon: ndogo kidogo, karibu 22.3 × 14.9 mm
Micro Four Thirds: 17.3 × 13 mm, eneo 225 mm²
"Inchi 1": 13.2 × 8.8 mm, eneo 116 mm²
1/2.3: karibu 6.2 × 4.6 mm, eneo 28 mm²

Usidanganywe na jina la "inchi 1". Ulalo wa kihisi hicho ni kama milimita 16, wakati inchi ni 25.4. Jina limerithiwa kutoka mirija ya kioo ya kamera za video za zamani, ambayo ilipimwa kwa kipenyo cha nje cha mrija, si eneo lililopokea picha.

Sasa linganisha. APS-C ina eneo mara 13 ya 1/2.3. Lenzi mbili zikiwa wazi sawasawa, tuseme f/4 (namba ya tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi), na kasi ya shata, yaani muda kihisi kinapopokea mwanga, ikiwa moja, kila milimita ya mraba inapokea mwanga uleule, lakini kihisi kikubwa kina milimita nyingi zaidi, kwa hiyo picha nzima imejengwa kwa mwanga mara 13. Hiyo ni karibu stopu 3.7 (stopu moja ni mwanga mara mbili). Kwa vihisi vya rika moja, chenga unazoziona kwenye kihisi kidogo ukiwa ISO 400 (ISO ni kiwango cha kukuza mwanga uliopokelewa) utazikuta kwenye APS-C ukiwa karibu na ISO 5000. Ukumbini usiku hiyo ndiyo tofauti kati ya ngozi yenye rangi yake na ngozi iliyopakwa matope na programu ya kusafisha chenga.

Megapikseli zinasema tu utachapa kwa ukubwa gani. Megapikseli 24 ni pikseli 6000 × 4000. Kwa nukta 300 kwa inchi unapata chapa ya karibu sentimita 51 × 34. Hazisemi chochote kuhusu mwanga ulioingia.

---

Darubini_ya_Mkono

Niichukue hiyo briji ya mara 125, maana hapo ndipo wengi wanapotea.

"Mara 125" ni mgawanyo tu: mwisho wa zumu kugawanywa kwa mwanzo wake. Nikon P1000 ndiyo yenye namba hiyo. Urefu halisi wa fokasi (milimita zinazoonyesha lenzi inavuta kiasi gani) ni 4.3 hadi 539 mm, na kwa sababu kihisi ni 1/2.3, pembe ya kuona inalingana na ya lenzi ya 24 hadi 3000 mm kwenye fremu kamili. Kwa hiyo lenzi ya 18-55 ni "mara 3" na lenzi ya 600 mm isiyo na zumu ni "mara 1", na bado hiyo ya mara 1 inavuta mbali kuliko ile ya mara 3. Ukitaka kujua kamera inavuta kiasi gani, soma milimita zinazolingana na fremu kamili, achana na "mara".

Kwa nini basi picha ya mwisho wa zumu inakuwa laini? Sababu ni tatu na zote zinakuja pamoja.

Kwanza ni mwanga kutawanyika kwenye tundu la lenzi. Ukifika mwisho wa zumu, tundu kubwa kabisa la P1000 ni f/8. Kwa f/8, nukta moja ya mwanga haifiki kwenye kihisi ikiwa nukta. Inafika ikiwa duara la karibu mikromita 11. Pikseli za kihisi hicho zina upana wa mikromita 1.3 hivi. Maana yake nukta moja inatapakaa kwa upana wa pikseli 8, na megapikseli 16 ulizonazo zinarudiarudia habari ileile. Kwenye APS-C ya megapikseli 24 pikseli ina upana wa karibu mikromita 3.9, kwa hiyo f/8 ileile inatapakaa kwa pikseli zisizofika 3.

Pili ni mkono. Kanuni ya zamani ya kushika kamera bila stendi ni kasi ya sekunde 1 ikigawanywa kwa milimita zinazolingana: kwa 3000 mm ni 1/3000 ya sekunde. Kiimarishaji cha lenzi kinasaidia sana kwa mnyama aliyetulia, lakini hakimzuii ndege kugeuza shingo. Na ukikimbilia 1/3000 kwa f/8, ISO inapanda hadi mahali ambapo kihisi cha 28 mm² hakiwezi kufanya lolote.

Tatu ni hewa. Kati yako na mnyama aliye mita 300 kuna hewa ya joto inayopanda na kuyumba, na hakuna lenzi inayoipita. Piga asubuhi mapema kabla ardhi haijapata moto, na jua likishakaza, sogea karibu badala ya kuvuta zaidi.

Hata hivyo nisiwaonee wenye briji. Kwa mwezi, au ndege aliyetulia kwenye mwanga mkali, picha ya kuweka kwenye skrini inatoka vizuri kabisa. Kuna pia briji za kihisi cha inchi 1, kama Sony RX10 IV: 24-600 mm kwa tundu la f/2.4 hadi f/4, uzito wa karibu kilo 1.1. Hiyo ni chombo cha kazi. Ukipiga hesabu ya kihisi na tundu kwa pamoja, mwisho wake wa zumu unalingana na APS-C yenye lenzi ya 400 mm kwa karibu f/7. Lenzi za kawaida za 100-400 hufungua hadi f/5.6 au f/6.3 mwishoni, kwa hiyo pengo si kubwa kama watu wanavyodhani, na vumbi haliingii kwenye kihisi kirahisi kwa sababu lenzi haitoki kamwe.

---

Pembe45

Swali la DSLR na isiyo na kioo. Nieleze kinachotokea ndani, maana ukikijua hicho faida na hasara utazitabiri mwenyewe.

Ndani ya DSLR kuna kioo kilichoinama nyuzi 45 mbele ya shata. Mwanga ukipita kwenye lenzi unagonga kioo, unapanda juu kwenye mche wa kioo wenye pande tano, unageuzwa na kutokea jichoni mwako. Unachokiona ni mwanga wenyewe, si skrini. Katikati ya kioo kikubwa panapitisha sehemu ya mwanga, na nyuma yake kuna kioo kidogo kinachoutupa chini, kwenye sakafu ya mwili wa kamera, ambako kuna kihisi cha pekee cha fokasi (kulenga ukali wa picha). Ukibonyeza, vioo vyote viwili vinajikunja, shata inafunguka, kihisi cha picha kinapokea mwanga, kioo kinarudi. Ule mlio wa "klaki" ni kioo zaidi kuliko shata.

Isiyo na kioo imeondoa yote hayo. Mwanga unaanguka kwenye kihisi moja kwa moja muda wote, na unachokiona kwenye kidirisha cha kuchungulia ni skrini ndogo sana inayoonyesha kile kihisi kinachokiona.

Kutoka hapo:

Fokasi. DSLR inapima fokasi kwenye sakafu, halafu inapiga picha kwenye ukuta wa nyuma. Njia hizo mbili za mwanga lazima ziwe na urefu mmoja kabisa. Zikipishana hata kidogo, kamera itasema "tayari" na macho ya mtu yatakuwa na ukungu huku masikio yakiwa makali, kila mara, upande uleule. Ugonjwa huu unajitokeza zaidi kwenye lenzi za f/1.8 na kufungua zaidi. Miili ya daraja la juu ina menyu ya kurekebisha fokasi kwa kila lenzi. Ya wanaoanza kwa kawaida haina. Isiyo na kioo inapima fokasi kwenye kihisi chenyewe, kwa hiyo ugonjwa huo haipati.

Eneo. Pointi za fokasi za DSLR zimejikusanya katikati ya fremu. Za isiyo na kioo zinafunika karibu fremu nzima, na kwa kuwa kihisi kinaona picha yote, kamera inaweza kutambua jicho la mtu au la ndege na kulifuata. Kwa ndege anayeruka hili ni badiliko kubwa kuliko megapikseli yoyote.

Mwangaza. Kidirisha cha isiyo na kioo kinakuonyesha picha itakavyotoka: ukikosea, unaona giza kabla hujabonyeza. Kuna mtego hapa. Ukiweka flashi za studio na mipangilio ya kawaida yake, tuseme ISO 100, f/8, 1/200, kidirisha kinakuwa cheusi tii kwa sababu kamera haijui kwamba flashi itawaka. Ingia kwenye menyu uzime ile hali ya kuonyesha mwangaza halisi. Kidirisha kitang'aa tena. DSLR haina shida hiyo.

Betri. Kioo hakili umeme ukiwa unachungulia, skrini inakula. Kwa kipimo cha viwanda cha CIPA, Nikon D3500, ambayo ni DSLR ndogo ya wanaoanza, ina picha 1,550 kwa chaji moja. Sony A7 IV isiyo na kioo ina kama 520 ukitumia kidirisha. Kwa sherehe ya usiku mzima ukiwa na isiyo na kioo hesabu betri tatu.

Video. DSLR ikirekodi inalazimika kukunja kioo juu, kidirisha kinakuwa giza na unabaki na skrini ya nyuma. Nyingi za zamani pia zinatafuta fokasi kwa kuyumba mbele na nyuma wakati wa kurekodi, na hilo linaonekana kwenye video. Canon ilipunguza tatizo hilo kuanzia EOS 70D ya 2013, iliyoweka upimaji wa fokasi kwenye pikseli za kihisi.

Kuhusu kupitwa na wakati: Panasonic G1 ya 2008 ndiyo iliyofungua njia ya Micro Four Thirds bila kioo, Sony A7 ikaleta fremu kamili 2013, Canon na Nikon wakaingia kwenye fremu kamili hiyo 2018 na EOS R na Z. Canon na Nikon hawajatoa modeli mpya ya DSLR tangu 2020. Pentax ndiyo iliyobaki upande wa kioo, ikatoa K-3 Mark III 2021. Kwa hiyo lenzi mpya hutazipata nyingi. Lakini kihisi cha DSLR ya 2018 hakijaharibika kwa sababu kampuni imehamia kwingine. Picha zake za ukumbini ni zilezile.

---

Chenga_Sifuri

NusuStopu amesema kweli, ila naomba niongeze jambo ambalo likiachwa hivyo litamfanya Kurunzi ateketeze bajeti kwenye mwili na kubaki na lenzi dhaifu. Kihisi kikubwa kinashinda *tundu likiwa lilelile*. Mara nyingi haliwi lilelile.

Ile 18-55 inayokuja na kamera ikiwa 35 mm inafungua hadi karibu f/4.5. Weka lenzi ya 35 mm f/1.8 kwenye mwili uleule: mwanga unaongezeka zaidi ya mara 6. Palipohitaji ISO 6400 sasa panahitaji ISO 1000. Hiyo ni zaidi ya stopu mbili na nusu, wakati kuhama kutoka APS-C kwenda fremu kamili kunakupa stopu moja na kidogo. APS-C yenye zumu ya f/2.8 inakusanya karibu mwanga sawa na fremu kamili yenye zumu ya f/4, maana 2.8 × 1.5 ni 4.2.

Na hicho kizidishi cha 1.5 (1.6 kwa Canon, 2 kwa Micro Four Thirds) watu wanakielewa vibaya. Lenzi ya 50 mm ni 50 mm popote. Kihisi kidogo kinakata kingo za picha, kwa hiyo unaona pembe ya 75 mm. Uangavu wa picha kwa f/1.8 haubadiliki. Kinachobadilika ni kiasi mandharinyuma yanavyofifia: kwa fremu ileile, 50 mm f/1.8 ya APS-C inafifisha kama 75 mm f/2.7 ya fremu kamili.

Kwa ndege, ukataji huo unakufaa. Lenzi ya 70-300 kwenye APS-C inafika pembe ya 450 mm kwa chombo unachoweza kubeba kutwa nzima. Fremu kamili ya megapikseli 24 ukiikata ifikie pembe hiyo unabaki na kama megapikseli 10.7.

Kwa hiyo kwa kazi ulizotaja mimi ningesema APS-C, lenzi mbili: 35 mm f/1.8 kwa ukumbi, 70-300 kwa ndege. Hiyo 18-55 iwepo kwa mchana. Ukumbini anza na f/2, 1/160, ISO ya kiotomatiki yenye kikomo cha 6400, na upige RAW (faili ghafi la kihisi, ambalo kamera haijalichakata): faili ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwangaza kwa kila rangi, JPEG ya biti 8 ina 256. Taa za rangi za ukumbi zinazochoma nyekundu ya nguo unaweza kuzishusha kwenye RAW; kwenye JPEG zimeshaungua.

---

Kurunzi

Asanteni sana, nimeelewa zaidi ya nilivyotarajia. Nimebakiwa na mawili. Lenzi: nikinunua DSLR iliyotumika leo, lenzi zake zitanifuata nikihamia isiyo na kioo? Na pili, zile kompakti zinazosifiwa, ambazo ni ndogo kama pakiti ya karata lakini wataalamu wanazibeba, zinaingia wapi?

---

MauntiNaPete

Lenzi zinahama upande mmoja tu, na sababu ni nafasi. Kioo kinahitaji mahali pa kujikunjia, kwa hiyo kwenye DSLR umbali kutoka pale lenzi inapofungwa hadi kwenye kihisi ni mkubwa: milimita 44 kwa Canon EF, 46.5 kwa Nikon F (hayo ni majina ya maunti, yaani aina za ufungaji wa lenzi). Kioo kikiondoka umbali unapungua: 20 kwa Canon RF, 16 kwa Nikon Z, 18 kwa Sony E. Adapta ya kutoka EF kwenda RF ni bomba la milimita 24 lenye nyaya za mawasiliano, halina kioo cha lenzi ndani, hivyo halipunguzi ubora. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya RF kwenye DSLR ingetakiwa kuingia ndani ya mwili, mahali pa kioo.

Angalia haya kabla hujatoa hela:

Canon EF-S ni ya APS-C. Haifungi kabisa kwenye DSLR ya Canon ya fremu kamili, maana sehemu yake ya nyuma ingegongwa na kioo. Kwenye RF kwa adapta inafunga, lakini kamera ya fremu kamili itakata picha kwa 1.6, na megapikseli 24 zinakuwa 9 na kidogo.

Canon EF-M (zile EOS M) ni tawi lililokatika. Umbali wake ni milimita 18, mfupi kuliko wa RF, kwa hiyo hakuna adapta ya kuzipeleka lenzi zake kwenye RF. Mwili wa EOS M si mbaya, ila lenzi zake zitabaki nao.

Nikon: miili ya mfululizo wa D3000 na D5000 haina mota ya fokasi ndani. Lenzi zilizoandikwa AF au AF-D zitafunga na kupiga, lakini utafokasi kwa mkono. Tafuta AF-S au AF-P, na hizo AF-P zihakikishe kwanza, kwani baadhi ya miili ya zamani haiziwezi hata kwa kufokasi kwa mkono. Adapta ya FTZ kwenda Z nayo haina mota.

Kwa mwili uliotumika, fanya ukaguzi huu ukiwa na kadi yako mwenyewe:

1. Soma idadi ya shata. Nikon na Pentax huandika namba ndani ya faili la picha, programu ya kusoma EXIF (maelezo yaliyofichwa ndani ya faili) itaionyesha. Canon nyingi zinataka kuunganishwa na kompyuta. Miili ya wanaoanza mara nyingi hukadiriwa kufika 100,000. Ikipita haifi papo hapo, ila bei iakisi hilo.
2. Weka f/16, ISO 100, toa fokasi kabisa, piga ukuta mweupe. Madoa ya kijivu yasiyohama kutoka picha hadi picha ni vumbi la kihisi. Yanaposogea ukibadilisha lenzi, yako kwenye lenzi. Vumbi hutolewa kwa pampu ya mpira, kamera ikitazama chini. Kopo la hewa ya kubanwa hutema kimiminika baridi, usilikaribishe.
3. Funga kifuniko cha lenzi, piga 1/60 kwa ISO 100. Nukta za rangi zinazoonekana hapo ni pikseli zilizokwama zikiwaka. Nukta chache kwenye picha ya sekunde 30 ni kawaida.
4. Weka rula mezani, kamera ikiitazama kwa nyuzi 45, fokasi kwenye namba moja kwa tundu lililo wazi kabisa. Ukali ukiangukia mbele au nyuma ya namba hiyo kila mara, huo ndio ugonjwa aliousema Pembe45. Rudia kwa picha kumi, maana moja haithibitishi.
5. Mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma, tundu likiwa wazi. Nyuzi kama utando wa buibui ni ukungu wa fangasi. Ukishakula rangi ya juu ya kioo, kusafisha hakurudishi.

Fangasi hustawi penye unyevu. Hifadhi lenzi kwenye chombo kinachofunga, chenye vifuko vya silika, unyevu ukae kati ya asilimia 40 na 50.

---

NusuStopu

Kuhusu kompakti: hilo ni jina la umbo tu, ndani yake kuna dunia mbili. Zile za 1/2.3 simu nzuri imeshazifikia kwa picha za kawaida, na sababu pekee iliyobaki ya kuzinunua ni zumu ya kweli au kuzama majini (kuna zinazostahimili mita 15). Halafu kuna zenye kihisi kikubwa: Sony RX100 za inchi 1, Ricoh GR III na Fujifilm X100VI za APS-C. Hizo mbili za mwisho hazina zumu kabisa: Ricoh ni pembe ya 28 mm kwa f/2.8, Fujifilm ni 35 mm kwa f/2. Kwa kuwa lenzi na kihisi vimeundwa kwa ajili ya kila kimoja, unapata ubora wa kamera kubwa mfukoni, kwa sharti kwamba zumu ni miguu yako. Kwa ndege hazifai hata kidogo.

Nyingine nitaje tu ili ukikutana nazo uzijue. Fomati ya kati, kama Fujifilm GFX, ina kihisi cha 44 × 33 mm, mara 1.7 ya fremu kamili, kwa studio na mandhari. Leica M unachungulia kwenye dirisha la pembeni lisilopita kwenye lenzi, na unafokasi kwa mkono tu. Kamera za michezo za kufunga kwenye kofia zina pembe pana sana na kihisi kidogo. Ni za mchana.

---

Kurunzi

Nimeamua isiyo na kioo ya APS-C na lenzi mbili hizo. Swali la kufunga: nimeona shata ya kielektroniki isiyotoa sauti. Kwa sherehe si ndiyo nzuri?

---

Pembe45

Hapana, ukumbini iwe ya mwisho kuichagua. Shata ya kielektroniki haifungi kitu. Kihisi kinasomwa mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, na kwenye miili mingi ya APS-C kazi hiyo huchukua kati ya 1/15 na 1/50 ya sekunde hata ukiwa umeweka 1/500. Taa zinazotumia umeme wa 50 Hz hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo wakati mistari ya juu inasomwa taa iko juu, ya katikati taa imeshuka. Unapata michirizi ya giza kwenye picha, na haiondoki kirahisi kwenye programu. Bawa la ndege nalo linapinda kwa sababu hiyohiyo. Na kwenye miili mingi flashi haiwaki kabisa ukiwa kwenye hali hiyo.

Tumia shata ya mitambo, kasi ya 1/100 au 1/50 penye umeme wa 50 Hz, 1/120 au 1/60 penye 60 Hz, na uwashe kipengele cha kuzuia kupepesa kama mwili unacho. Ile 1/160 ya Chenga_Sifuri inafaa watu wakicheza, ila ukiona picha zinazofuatana zinapishana mwangaza, shuka hadi 1/100. Ukitumia flashi usipite kasi ya ulinganifu (kasi ya juu kabisa ambayo flashi bado inamulika fremu nzima), ambayo kwa kawaida iko kati ya 1/160 na 1/250 kutegemea mwili. Ukiipita bila hali ya flashi ya kasi kubwa, sehemu ya fremu inatoka nyeusi kama imefunikwa na pazia. Kwa video, fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50 vinaendana na umeme wa 50 Hz bila michirizi, na kadi yenye alama V30 inatosha: inahakikisha megabaiti 30 kwa sekunde, wakati video ya megabiti 100 inahitaji 12.5 tu.

Ukifika ukumbini, kabla wageni hawajaingia, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe unaomulikwa na taa za hapo, piga picha kumi mfululizo kwa kasi utakayotumia, zitazame pamoja kwenye skrini. Zikiwa sawa zote, endelea. Zikipishana rangi au mwangaza, badilisha kasi hatua moja urudie. Taa za LED za mapambo wakati mwingine hupepesa kwa kasi yake zenyewe isiyofuata umeme, kwa hiyo zijaribu peke yake, hasa zile za jukwaani.